Sisi Ngapi?

Walisimama watatu dukani kwa Mselem,
barabara ya Lamu, hapa Malindi, ubavuni mwa benki:
rangi moja ya mchanga, mdomo mmoja wa kasuku,
nembo moja kifuani,
kama mashati ya Idi yaliyokatwa jora moja.
Elfu na mia mbili. Mia saba.
Na huyu, mia tatu,
amesukumwa ukutani ili mlango ufunguke.

"Hii ni ya kuanzia, Fundi Nyevu,"
akaipigapiga tangi
kama anayeuza mbuzi mwenye kikohozi.
Ya kuanzia. Sikumuuliza kuanzia nini.
Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja,
mkobani spana za pampu, mkononi barua ya chama,
na visima kumi na tisa huko bara
vilivyokuwa vikinijua tangu nilipokuwa natembea kwa miguu.

Kwanza niitaje aibu, asije akaitaja mwingine.
Kwenye lami ya Gongoni, malori ya chumvi yakinipita,
huyu wangu hutetemeka hadi meno yangu yanasalimiana.
Akifika mia na kumi, anagoma.
Nimelala kifudifudi juu ya tangi,
nimembembeleza, nimemtukana,
anabaki pale pale.
Kaka zake hawapiti, wanafutika.
Niliwaona Pasaka, wageni sita kutoka Nairobi:
kilichobaki ni harufu
na ngurumo nzito, ya mtu anayesoma wasia.
Nilitamani. Nani asingetamani?
Nilitamani hadi Mambrui.

Pale walikuwa wamepumzika, helmeti magotini,
madafu wameshayamaliza.
Mmoja wao, Gitonga, mtu mpole,
akachuchumaa mbele ya injini yangu
kama daktari wa watoto.
"Hii ni sisi ngapi?"
"Sisi wawili," nikamwambia. "Mimi naye."
Akacheka.
Mimi sikuwa nimetania sana.

Walikuwa wakienda Marafa kutazama yale makorongo mekundu.
Nami nilikuwa na kisima njia hiyo hiyo.
Nikatangulia.

Baada ya Marikebuni, mkondo mkavu, mchanga wa unga.
Yule mkubwa aliinama polepole,
kwa heshima zote, kama ngamia anayepiga magoti,
akalala na masanduku yake ya bati.
Walimwinua wanne, kwa "harambee" mbili na tusi moja.
Mmoja akatoa simu apige picha,
mwenye pikipiki akamtazama, akairudisha mfukoni.
Wa mia saba? Nisiseme uongo.
Alipita vizuri, mpandaji amesimama wima,
mchanga ukimpisha kama watu wanavyompisha bwana harusi.
Mimi nami nilianguka. Hilo nalo liandikwe.
Ila nilimwinua peke yangu,
kabla mbuzi aliyekuwa akitutazama
hajalimaliza jani lililokuwa mdomoni.

Kisimani, Jumwa alikuwa amekalia mtungi.
"Umechelewa," akasema. Hakuuliza nimekuja na nini.
Nikafungua pampu, nikatoa mpira uliochakaa,
mdogo kama bangili ya mtoto mchanga.
Vumbi la wale sita likatupita,
tukafunika ndoo.

Gitonga alinitajia bei ya tairi moja, ya nyuma, ya yule mkubwa.
Nimeibeba bei ile kichwani wiki nzima.
Ni miezi mitatu ya mkopo wangu,
na mkopo una kumi na minne imebaki.
Lakini hata hivyo, nikipita kwa Mselem
shingo hugeuka yenyewe.
Yule mkubwa bado yuko dirishani.
Siku moja nilisimama hadi mlinzi akanisalimia mara mbili.

Usiku namlaza ndani,
kati ya kabati na gunia la mkaa.
Anaenea, tena nafasi inabaki ya kupita na taa.
Chuma chake kinapoa: tik. Tik.
Nami naongea peke yangu, nahesabu mipira ya kesho.
Mama, upande wa pili wa pazia, anageuka kitandani.
"Nyevu," anauliza,
"mko wangapi humo?"